Shamba Langu Lilivyoandikwa Kuwa Limekufa

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba shamba langu limekufa alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na aliniambia huku anatabasamu kama mtu anayeleta habari ya harusi. Ilikuwa mwezi wa tano. Nilikuwa barazani napepeta mahindi. Huko mlimani maharage yangu yalikuwa yamemaliza maua, yanaanza kutia maganda.

"Shemeji," akasema, "tumepata. Serikali imekubali andiko letu."

"Andiko la nini?"

"La kuhifadhi ardhi. Ruzuku imetoka. Na shamba lako ndilo lililotubeba. Lisingekuwa limekufa vile, tusingepata kitu."

Nikamwambia arudie. Akarudia, na safari hii tabasamu lilipungua kidogo. Nikaweka ungo chini, nikaingia ndani. Sina tabia ya kugombana na mtu barazani, majirani wakapata cha kusikiliza.

Shamba lenyewe liko mlimani, juu ya kijito, mahali penye mwinuko mkali kiasi kwamba mgeni akipanda anashika ardhi kwa mikono. Nilipoolewa mama mkwe wangu alinikabidhi upande mmoja. Alipofariki nikachukua na upande wake. Hapo ndipo yanapotoka maharage yetu, na mahindi ya mwaka unaofuata. Nina binti aliyerudi nyumbani na watoto watatu. Kahawa hatuna. Kahawa ya mume wangu shemeji aliichukua baada ya msiba akisema anatutunzia, na mpaka leo anatutunzia. Kwa hiyo lile shamba likiondoka, watu watano tunakula kwa kuomba, na mimi sijui kuomba. Sikufundishwa.

Sisi Wamatengo mlima hatuulimi kwa matuta ya kawaida. Tunalima ngoro. Mwezi wa tatu, mvua zikikaribia kwisha, wanaume wanafyeka nyasi, wanaziacha zikauke, kisha wanazilaza kwa miraba juu ya mlima wote, mstari wa kushuka na mstari wa kukatiza, kama wavu uliotandazwa. Hapo kazi yao imekwisha, wanaenda kunywa pombe. Sisi wanawake tunaingia na majembe, tunachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi. Panabaki shimo, na kingo zake ndizo tunazopanda. Mvua ikija maji yanaingia shimoni yanakaa. Hayashuki na udongo. Nyasi zinaoza humo ndani, udongo unashiba. Mama mkwe wangu hakusoma hata siku moja, na mlima wake haukuwahi kuporomoka.

Sasa, kati ya siku ya kufyeka na siku ya kuchimba, shamba la ngoro halipendezi. Ni mlima uliochunwa, na nyasi kavu zimelala juu yake. Mtu asiyejua akipita siku hizo atasema moto umepita, au ugonjwa. Siku hizo hizo za mwezi wa tatu shemeji alimleta bwana shamba, wakasimama barabarani, wakapiga picha. Bwana shamba alikuwa mgeni. Shemeji hakuwa mgeni. Baadhi ya nyasi zile alizilaza yeye mwenyewe kwa mikono yake, na pombe yangu akanywa.

Haya niliyajua wiki ile ile, tulipoitwa ofisi ya kata.

Tulikuta watu wa ziwani wameshafika. Walikuwa wanawake wa upande wa Lituhi, wanunuzi na wakaushaji wa dagaa, wameletwa na gari dogo la mizigo, wamejaa vumbi na hasira. Maana serikali haikutaka kumpa fedha mtu mmoja wala kijiji kimoja. Ilitaka ubia. Watu wa juu wanaolima na watu wa chini wanaovua wawe kitu kimoja, kwa sababu udongo wetu unaingia kwenye vijito, vijito vinaingia mtoni, na mto unaishia ziwani kwao. Shemeji ndiye mwenyekiti wa ubia. Alijichagua kwa njia ambayo wanaume wa ukoo wetu hujichagua, yaani alikaa kwenye kiti cha mbele kabla wengine hawajafika.

Bwana shamba alikuwa kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, mpole, viatu vyake safi. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa mbaya, kazi yangu ingekuwa rahisi. Alibandika karatasi kubwa ukutani, na kwenye karatasi kulikuwa na picha.

"Hii," akasema, "ndiyo hali ya ardhi yetu ya juu. Imechoka. Haina uoto. Mvua ikinyesha, yote inashuka."

Nikalitazama jiwe lililopasuka lililoonekana pembeni mwa ile picha. Kwenye jiwe hilo huwa naweka kikapu changu cha chakula.

Nikasimama. "Hilo shamba ni langu," nikasema. "Halijachoka. Aliyechoka ni mimi niliyelilima."

Watu wakacheka. Shemeji akanong'ona, "Kaa chini, shemeji." Sikukaa.

Kiongozi wa wale wa ziwani, mwanamke mrefu wa umri wangu au karibu, hakucheka. Akanigeukia.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Ninyi watu wa milimani kila masika mnatuletea milima yenu kwenye maji. Wanaume wetu wanavuta nyavu, zinatoka na matope. Tunakausha nini, matope?"

"Na samaki wakubwa mnawabanika kwa nini?" nikamwuliza. "Kwa maneno? Si kwa miti mliyoimaliza?"

"Angalau miti yetu haitembei yenyewe usiku ikaja kulala mlangoni kwenu."

Wenzake wakapiga makofi. Bwana shamba akainua mikono. "Mama zangu, mama zangu. Tuko kwenye ubia."

"Ubia wa nani na nani?" nikasema. "Mimi hakuna aliyeniuliza."

Akachukua makaratasi. Akaendelea kusoma. Serikali italeta zana, miche na posho ya kazi. Wananchi watatoa ardhi ya shamba la mfano na nguvu kazi. Kazi ni kuukata mlima kwa matuta ya ngazi, yale matuta marefu yanayozunguka mlima kama ngazi za kanisa. Pande zote mbili zitasaini, wa juu na wa chini, kwamba mahali panafaa. Na kazi iishe kabla mwezi wa sita haujaisha, kwa sababu mwaka wa fedha unafungwa na hela isiyotumika inarudi. Fedha za serikali nilizozoea mimi hukawia. Hizi zilikuja zinakimbia.

Maharage hukomaa mwezi wa saba. Nilihesabu pale pale kwenye benchi, na nikaona kwamba hesabu haikuwa upande wangu.

Zamani wanaume wa ukoo mmoja walikula pamoja kila siku, kila mke akileta chakula chake, na mashauri ya ukoo yaliishia pale kwenye chakula. Hiyo ndiyo sengu. Siku hizi kila mtu anakula kwake na mlango ameurudishia. Lakini shemeji akiwa na jambo analotaka lipite, huifufua. Jumapili baada ya misa akaiitisha, na sisi wanawake tukapika. Mimi nilipeleka ugali wa dona na maharage ya msimu uliopita. Nilipeleka mengi.

Walianza kula. Shemeji akaeleza habari za ruzuku, gari la wakubwa litakalokuja, kibao kitakachosimikwa barabarani chenye jina la mlima wetu. Shamba litakuwa chini ya kikundi cha ubia kwa miaka kumi ya kwanza, na funguo za ghala la zana zitakaa kwake.

"Miaka kumi," nikasema kutoka mlangoni. "Na mimi nitalima wapi?"

"Ardhi ni ya ukoo, shemeji. Mke anakuja, mke anakufa, ardhi inabaki."

"Sijafa bado."

Wakacheka tena. Mzee mmoja, baba mdogo wa mume wangu, akaniambia, "Mama, waache wanaume wale kwanza."

"Wale," nikasema. "Hayo wanayokula yametoka kwenye shamba wanalosema limekufa."

Hakuna aliyeacha kutafuna. Nilitegemea angalau mmoja angeacha, hata kwa aibu, hata kwa dakika moja. Walikula mpaka bakuli likang'aa, na mmoja akauliza kama yamebaki jikoni.

"Na maharage yaliyoko shambani sasa?" nikauliza.

"Utafidiwa," shemeji akasema. "Utapewa mbegu."

Nilichukua bakuli langu nikaondoka. Mbegu! Mtu ana maharage yenye maganda, unamng'olea, halafu unampa mbegu.

Nilijipa moyo kwamba wanawake hawatakubali. Kwetu mwanamume hachimbi ngoro. Jembe la mlimani ni letu, na shemeji alipowaahidi wakubwa nguvu kazi, aliahidi mikono ambayo si yake. Tena wanawake wenyewe walikuwa wa ngokela yangu. Ngokela ni watu wanaolimiana, leo kwako kesho kwangu, na mwenye shamba anapika pombe na chakula. Kwa baadhi yao nililima walipokuwa wajawazito, kwa wengine walipokuwa na msiba. Sikupita nyumba kwa nyumba kuwabembeleza. Niliona ni kujidhalilisha kumwomba mtu jambo ambalo anapaswa kulijua.

Hapo nilikosea, na nakiri kosa langu. Walikuja wote.

Ilikuwa Alhamisi, wiki ya kwanza ya mwezi wa sita. Turubai limefungwa kando ya barabara, sufuria za pilau ziko motoni, kreti za soda zimewekwa kivulini. Wanawake wakapanda mlima na majembe begani. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alinipita akiwa ameinamisha uso.

"Usinitazame hivyo, dada," akasema. "Nina mtoto sekondari."

"Sikutazami wewe. Natazama jembe. Mpini huo aliuchonga mume wangu."

Akasimama kidogo. Halafu akaendelea kupanda.

Walianzia juu. Niliambiwa nisimame pembeni, nikasimama pembeni, sababu nilitaka kuona kwa macho yangu nani anaanza. Jembe la kwanza likaingia kwenye ukingo wa ngoro, mashina manne yakang'oka pamoja, maganda yake mabichi yananing'inia. Likaja la pili. Ngoro moja, ambayo mtu anachimba kwa kuinuka na kuinama mpaka kiuno kinauma, inabomolewa kwa majembe matatu. Binti yangu akaanza kulia. Nikamwambia afute machozi achukue kapu, aokote maganda. Mabichi nayo yanapikika. Tukawa tunaokota nyuma yao kama kuku.

Nikampigia kelele bwana shamba aje. Alipanda kwa mikono na magoti, na alipofika alikuwa anahema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Shika jembe uchimbe hapa."

Akachimba kwenye ukingo ambao ulikuwa haujaguswa. Kiangazi kilikuwa kimeshaanza, barabarani vumbi lilikuwa linapanda hadi magotini. Ndani ya ukingo udongo ulitoka mweusi, mbichi, unashikana mkononi, na nyasi za mwezi wa tatu zimeoza humo kama majani ya chai.

"Umewahi kuona maiti inatoka jasho?" nikamwuliza.

Akauponda ule udongo kwa vidole. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ili walio juu wasisikie, "Bibi, nazijua ngoro. Chuoni tulifundishwa. Mwalimu alituambia watu wanatoka nje ya nchi kuja kuzitazama."

"Kwa hiyo unajua."

"Sasa najua nilichopiga picha. Siku ile sikujua. Mwenyekiti aliniambia ni shamba lililotelekezwa."

"Na bado wanachimba."

"Andiko linasema matuta ya ngazi, bibi. Mkaguzi anakuja kuhesabu matuta ya ngazi. Kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika ngoro. Nikisimamisha, hela inarudi, na mimi naulizwa."

"Afadhali ungekuwa hujui," nikamwambia.

Nadhani hilo lilimuuma kuliko matusi, kwa sababu alianza kufuta viatu vyake kwa jani.

Saa sita wale wa ziwani wakafika na gari lao kwa ajili ya kusaini. Wanawake wetu walikuwa wameshabomoa mistari mitano ya juu. Yule mwanamke mrefu akashuka, hakunisalimu, nami sikumsalimu. Shemeji akamkaribisha kwenye kiti cha plastiki, akamletea karatasi na kalamu, na soda.

"Kwanza nione matope," mwanamke akasema.

"Ndiyo hayo, mama. Mlima wote huu."

"Huo ni mlima. Nimesema nataka kuona yanapoingia kwenye maji."

Shemeji akamwambia kijitoni ni mbali, njia ni mbaya, pilau litapoa. Mwanamke akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza kushuka katikati ya maharage yangu. Nikamfuata. Sikumfuata kwa wema. Sikutaka mtu wa ziwani atembee shambani kwangu bila macho yangu.

Akashuka akiangalia mashimo, anarukia kutoka ukingo hadi ukingo, na mara mbili akateleza akaingia shimoni. Mara ya pili nikacheka. Chini, akaingia kijitoni na miguu yake. Maji ya kiangazi yalikuwa machache. Akasimama chini ya shamba langu, akapapasa kwa vidole vya miguu, akatoa changarawe, nyeupe, safi. Akatembea kufuata maji yanakoshuka. Mimi ukingoni, yeye majini, hatusemezani. Tulipita mpaka wa shamba langu. Hatua kama thelathini mbele, akazama hadi juu ya vifundo.

Akainama akachota. Yalikuwa matope mekundu, laini, kama yale ya kusiriba ukuta.

"Haya," akasema. "Haya ndiyo yanayotoka kwenye nyavu zetu. Ya kwako ni meusi. Haya ni mekundu."

Akainua kichwa. Juu yetu kulikuwa na kahawa, imepandwa mpaka ukingoni mwa maji, chini yake pamepaliliwa peupe, hakuna hata unyasi. Mifereji mitatu ilikuwa imechimbwa na mvua kutoka juu hadi kijitoni, mmoja unaweza kuficha mbuzi.

Mimi ile mifereji nilikuwa naijua. Miaka yote naipita nikienda kuchota maji. Ila ilikuwa ya shemeji, na kwetu mke hazungumzii shamba la shemeji yake, hata likimeza ng'ombe. Nilinyamaza kwenye ofisi ya kata, nikanyamaza kwenye sengu, na hata pale kijitoni nilikuwa nimenyamaza. Leo nikifikiri naona huko kunyamaza kwangu kulikuwa ujinga, lakini ni ujinga niliolelewa nao.

Tukarudi juu. Mwanamke alikuwa ameushika udongo mwekundu mkononi, unachuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mwenyekiti," akasema, "ile kahawa kule chini ni ya nani?"

Shemeji akaangalia sufuria. "Kahawa gani?"

"Kahawa moja tu iko pale. Ya nani?"

Wanawake wakasimamisha majembe. Wanaume walikuwa wamekaa karibu na soda, wote ghafla wana shida na kamba za viatu. Jirani yangu, yule mwenye mtoto sekondari, akasema kutoka juu mlimani kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, "Ya mwenyekiti."

Mpaka leo sijui kama alisema kwa ajili yangu, au kwa kuwa chakula kilikuwa kimechelewa.

"Sisi hatusaini hapa," mwanamke akasema. "Hapa mnabomoa kitu kinachozuia. Tutasaini pale. Kama si pale, karatasi yenu kaeni nayo."

Shemeji akaanza kupiga kelele. Kahawa ile ina matunda mabivu, wiki mbili zijazo anachuma, ni miti ya baba yake, mtu wa ziwani anajua nini kuhusu kahawa. Mwanamke alijifuta matope kwenye kile kiti cha plastiki alichopewa, kidole kimoja kimoja. Bwana shamba akafunua makaratasi yake, na nilimwona jinsi alivyofunua haraka, kama mtu aliyekuwa ameshaweka kidole kwenye ukurasa.

"Andiko linataja mlima," akasema. "Halitaji shamba la nani. Kitaalamu, mwenyekiti, pale pia ni mlima huu huu."

"Na miti yangu?" shemeji akasema. "Na kahawa yangu iliyoiva?"

"Utafidiwa, shemeji," nikamwambia. "Utapewa mbegu."

Nilimfuata yule mwanamke garini nimshukuru. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Akanikatiza.

"Usinishukuru. Sikukutazama wewe, nimetazama nyavu. Wewe na shemeji yako wote ni watu wa juu tu, mmoja mjanja na mmoja bubu."

"Na wewe ni mla dagaa tu," nikasema.

"Siku nikileta sokoni Mbinga usije ukapanga foleni."

Akapanda gari, wakaondoka. Sijamwona tena.

Matuta ya ngazi yakakatwa kwenye kahawa ya shemeji, na yalikamilika siku tatu kabla ya mwezi kwisha. Miti mingi iling'olewa na matunda yake. Mkaguzi alikuja akahesabu, kibao kikasimikwa. Watu huniuliza kama yale matuta yamesaidia. Yamesaidia. Masika yaliyofuata kijito hakikushuka chekundu kama zamani. Nasema ukweli, ingawa sioni raha kuusema.

Mimi maharage yangu nilivuna, pungufu ya ile mistari mitano, na mwaka uliofuata nikavuna mahindi. Shamba lilibaki langu. Lakini shemeji alipita kila nyumba akisema nimeuza siri ya ukoo kwa watu wa ziwani. Aliwaambia wanawake kwamba shamba langu lingewapa siku nyingi za posho kuliko lake, na zile siku zilizopotea waje wanidai mimi. Hawakunidai. Waliacha tu kunijibu nikiwasalimu kisimani. Kanisani benchi langu likawa na nafasi pande zote mbili.

Ngoro huchimbwa upya kila mwaka wa pili. Mwezi wa tatu ulipofika tena, nikapika pombe, nikatuma habari kwa ngokela na kwa wanaume wa ukoo, kama ilivyo desturi. Siku ya kufyeka hakuja mtu. Siku ya pili pombe ikaanza kuwa kali. Siku ya tatu nikawapa nguruwe wa watu wa Mbuji waliokuwa wanapita nao kwenda mnadani, wale nguruwe wakaenda wakiyumba.

"Mama," binti yangu akasema, "twende tukaombe msamaha."

"Msamaha wa nini?"

"Wa chochote. Hatuwezi peke yetu."

"Chukua panga," nikamwambia.

Tukafyeka wawili, siku sita, wakati watoto wakiwa shule. Nyasi zilipokauka ikaja kazi ya kuzilaza, na hiyo ni kazi ya wanaume. Sikuwahi kuifanya, na sikuwahi kuona mwanamke akiifanya. Nilikuwa nimewatazama wakizilaza kwa zaidi ya miaka arobaini, nikidhani kutazama ni kujua. Mistari yangu ya kushuka ilienda sawa. Ya kukatiza ilipinda, mingine ikapanda mlima kama njia ya mbuzi. Shemeji alipita barabarani siku ile, akasimama muda mrefu. Nami sikugeuka, niliendelea kuinama nikampa mgongo wote autazame anavyotaka.

Tulichimba mpaka mikono ya binti yangu ikatoka malengelenge, na ya kwangu, ambayo haitoi malengelenge tena, ikakakamaa nikashindwa kufunga vifungo vya gauni. Tulimaliza nusu ya mlima. Nusu ya juu tuliiacha na nyasi zake, na nilijua maana yake: mwaka huo tungekula mara moja kwa siku kuanzia Krismasi.

Mvua ya mwisho ilinyesha wiki tuliyopanda, mvua nzito ya mchana. Ilipokatika nikapanda kutazama. Mashimo ya mistari iliyopinda yalikuwa yameshika maji sawa na yale ya mistari iliyonyooka. Matatu yalikuwa yamebomoka upande wa chini. Nikamwita binti yangu alete jembe, nikaanza na shimo la kwanza.